Niliambiwa mimi ni bundi, kazini nikahamishwa

Wakuu, salaam aleikum na habari za mchana.

Haya yamenipata mwenyewe hapa Changamwe, wallahi sitii chumvi. Nimekuwa nayo moyoni, situlii, leo nayamwaga.

Nafanya kazi kwa kampuni ndogo ya kutoa mizigo bandarini, ofisi iko karibu na Kipevu. Mimi nilikuwa mbele, kwenye kaunta. Madereva wa malori, wenye mizigo, kelele zote zilikuwa zangu. Na nilikuwa nazipenda.

Mwaka jana bosi akaleta trainer wa mambo ya team building. Tukajaza maswali kwenye simu, kila mtu akapewa ndege wake. Tai ni kiongozi. Kipanga ana kasi. Mwewe anaona fursa. Bundi anafikiri, hapendi watu wengi.

Mimi nikatoka bundi.

Mwenzangu Kazungu, mpole kupita kiasi, mtu wa kula chakula chake peke yake nyuma ya stoo, akatoka tai.

Tukacheka sana. Nilidhani yataishia hapo.

Jumatatu nikakuta stika ya bundi kwenye meza, na meza yenyewe imepelekwa chumba cha nyuma, kwenye makaratasi. Kazungu kawekwa kaunta.

"Mwanajuma, hii ni sayansi," bosi akaniambia. "Utafurahi huko."

Nyumbani Magongo nikamwonyesha mama picha ya ile stika. Akanirudishia simu kama imemchoma.

"Bundi! Ndege wa kulia juu ya paa la mgonjwa! Usiniletee humu ndani, mwanangu."

Nikacheka, lakini ikaniingia. Nikaanza kujichunguza. Nikinyamaza, najiambia ndio huo ubundi. Nikiongea sana, naona najilazimisha. Harusi ya binamu yangu Port Reitz nilikaa kwenye kona nikiwaza: hivi kweli napenda watu, au nilikuwa najidanganya miaka yote?

Kwa nini niliamini maswali ya dakika chache kuliko maisha yangu? Mpaka leo sijui.

Kazungu naye alikuwa anakonda. Kila asubuhi nilimwona akisimama nje ya mlango, anavuta pumzi, ndipo aingie.

Siku moja system ya kompyuta ikagoma, mizigo ikakwama. Madereva wakajaa getini, jua kali, wanagonga mabati. Bosi akapaza sauti, "Tai, toka ukaongee nao!"

Kazungu akatoka. Hakumaliza hata sentensi moja. Akarudi ndani, akakaa sakafuni, hawezi kupumua vizuri.

Nikampepea, nikamfungua vifungo vya shati. Akaninong'oneza, "Dada, mimi siwezi. Waambie siwezi."

Nikamwachia mwenzetu mmoja amshike, nikatoka mimi.

"Ndugu zangu, siwafichi. System imelala, hata sisi hatujui itaamka saa ngapi. Lakini ingieni kivulini mnywe maji, na kila saa nitatoka niwaambie imefika wapi."

Mzee mmoja dereva akanitazama. "Dada Mwanajuma! Walikuficha wapi wewe?"

Wakuu, nusura nilie pale pale.

Kazungu alipelekwa hospitali, akapumzishwa wiki nzima. Bosi kujirekebisha, unajua alifanya nini? Akamwita trainer tena! Tukajaza upya. Safari hii mimi nikatoka tai, Kazungu bundi. Bosi akaja mbio na stika mpya, anatabasamu.

Nikamwambia, "Kaunta nitarudi, bosi. Hiyo stika kaa nayo."

Kazungu yuko kwenye makaratasi sasa, anapumua. Mimi niko kaunta.

Somo langu: ukitaka kumjua mtu, muulize, kisha msubiri ajibu. Na mtu akikupa jina la wewe ni nani, usilimeze haraka, kulitapika ni kazi.

Maana bado sijapona. Jana mume wangu alikuwa anakula kimya, nikajikuta nimemkodolea macho, natafuta ni ndege gani.

Je, wenzangu, kuna aliyewahi kubandikwa hivi kazini? Ulijitoaje? Nasoma comment zote.