Hii Ipi, Mwalimu?

Kwenye semina ya elimu jumuishi nilinyoosha mkono. Mwezeshaji aliuliza nani yuko tayari kumpokea mwanafunzi mwenye ulemavu darasani kwake, na walimu wote tuliokuwa ukumbini tukanyoosha kwa pamoja, kwa sababu saa nane ilishapita na harufu ya pilau ilishatufikia. Nikala vipande viwili vya kuku, nikapewa cheti, nikarudi zangu shuleni kwetu Ng'ambo nikiwa mwalimu aliye tayari.

Haukupita muda nikaletewa binti asiyeona. Alitoka Kaliua kwa treni, akafikia kwa mama yake mdogo, fundi cherehani jirani na shule yetu. Alikuwa amekaa nyumbani miaka miwili bila kusoma, na mama mdogo hakunificha: tukimkataa, binti anarudi Kaliua kubangua karanga, basi. Nikamwambia aondoe wasiwasi, mimi nina cheti.

Sasa, mimi nafundisha hesabu, tena nafundisha vizuri, asikudanganye mtu. Siku ya kwanza nikaandika swali ubaoni, nikashika fimbo yangu ya kuonyeshea, nikaanza kama nilivyozoea. "Hii ukiitoa hapa, ukaileta huku, unapata hii."

"Hii ipi, mwalimu?"

Sauti ya upole kabisa, kutoka dawati la mbele. Nikamjibu, "Hii hapa," nikagonga ubao kwa fimbo.

"Hapa wapi?"

Darasa la sita zima likainamia madaftari ili nisione linavyocheka. Nikaendelea, shingo ikinichoma kwa hasira. Kengele ilipolia, binti akasimama kwa adabu zote. "Mwalimu, leo umesema 'hii' mara arobaini na moja. Jirani yangu naye alikuwa anahesabu, tumepata sawa."

Mchana uleule nikamwandikia mwalimu mkuu barua. Nikasema mtoto huyu hawezi kufuata somo, ahamishwe. Hawezi, mtoto aliyenihesabia arobaini na moja bila kukosea. Lakini nilikuwa nimekasirika, na mimi nikikasirika mwandiko wangu unakuwa mzuri sana. Mwalimu mkuu akaisoma, akaitia kwenye mfuko wa koti, akasema atakuja darasani kujionea mwenyewe kabla hajaamua. Wiki zikapita, hakuja.

Darasani huku mambo yakaharibika. Nikitamka tu "hii", wanauliza wote kwa pamoja, hii ipi, mwalimu, mpaka wale wavivu wa nyuma ambao hawajawahi kuuliza kitu tangu darasa la kwanza. Nikagomba, nikanuna, nikatishia kuwanyima mapumziko. Mwisho nikasalimu amri. Nikaanza kutaja kila kitu ninachoandika: fungua mabano, tatu toa moja, funga mabano, zidisha kwa tano. Kabla sijamaliza kuandika, binti ameshasema kumi. Nilianza kumpenda, nasema ukweli, nikawa naingia darasani kwao nikiwa na hamu. Ila barua sikwenda kuiomba. Ningeanzia wapi kumwambia mwalimu mkuu kwamba nimeshindwa na mtoto wa darasa la sita?

Mwalimu mkuu akaja Jumanne moja, akakaa nyuma. Kutulia dakika kumi kukamshinda, maana naye alikuwa mwalimu wa hesabu enzi zake. Akaomba chaki, akaandika swali lake, akageukia ubao. "Hii ukiigawanya kwa hii..."

"Hii ipi, mwalimu?"

Darasa zima. Na mimi nikajisikia nimo humohumo, tena kwa sauti kubwa kuliko wao.

Mwalimu mkuu alicheka mpaka akavua miwani. Akatoa barua kwenye mfuko wa koti, akaninyooshea. "Basi hii chukua mwenyewe."

"Hii ipi?" binti akauliza.

Wenzake wakanitazama. Ningeweza kusema ni karatasi ya kazi, na ningepona. Lakini nilikuwa nimewazoesha mwenyewe kwamba humu ndani kitu kinatajwa.

"Ni barua. Niliiandika mimi, kumwomba mwalimu mkuu akuhamishe."

Vidole vyake vikashika ukingo wa dawati. Nilitamani sakafu inimeze.

"Kwa nini, mwalimu?"

"Sikuwa tayari."

"Mama mdogo alisema una cheti."

"Ninacho."

"Cha nini?"

Nikamweleza yote, mbele ya darasa na mwalimu mkuu: mkono nilionyoosha, pilau, na vile vipande viwili vya kuku. Nikaichana barua, nikamwambia ninaichana, maana hata hilo nalo lilitakiwa kutajwa. Alisikiliza mpaka kipande cha mwisho kikaanguka kwenye ndoo ya takataka. Mikono yake ikaachia dawati.

"Sawa, mwalimu," akasema. "Lakini lile swali la ubaoni bado hamjanisomea."