Nilivyochinja Ng'ombe wa Uhuru Kinango

Kosa langu nililifanya kwa wino, tena kwa mwandiko mzuri. Mwero, Mduruma niliyesoma naye skuli, aliniandikia barua kutoka kijijini kwao karibu na Kinango. Siku ya kusherehekea uhuru, alisema, kijiji kizima kinataka kula chungu kimoja: watu wa kanisa, wazee wa mila na Waislamu. Lakini nyumba za Waislamu pale ni tatu tu, mchinjaji wao amefariki, na waliobaki ni wajane. Karamu iliyopita walijifungia ndani wakala kunde zao. "Sitaki tupate uhuru majirani zetu wakila kunde peke yao," aliandika. "Utakuja kutuchinjia?"

Nikamjibu: "Ondoa shaka. Kisu changu kinajulikana Munje nzima."

Kilijulikana kwa kukata ndimu. Maishani mwangu sikuwahi kuchinja hata kuku.

Munje, alfajiri. Mimi ni mtu wa barazani. Kwenda Msambweni kununua mafuta ya taa naita safari, na nikirudi hulala mchana kutwa. Siku hiyo nilipanda lori la mbata, nikakaa juu ya magunia, na mpaka tunaupanda mlima wa Kwale nilikuwa nanukia kama nazi iliyosahauliwa juani.

Kwale, baada ya adhuhuri. Mwero alikuwa akiningoja na baiskeli.

"Shehe wangu! Kisu kiko wapi?"

"Kisu ni cha mwenyeji," nikasema. "Mchinjaji huja na bismillahi yake."

Hata katika uongo nilikuwa fasaha. Akanipakia nyuma, tukaingia msitu wa Shimba. Njiani tulikuta mavi ya ndovu, bado yanafuka moshi. Mwero alitaka tupumzike kidogo. Mimi nilitaka Kinango.

Magharibi tukafika. Mama yake Mwero, mama wa kanisa asiyekosa Jumapili hata moja, alikuwa mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Maji ya kutawadha hayo kwenye birika. Mkeka nimekutandikia, na kibla ni kule, lilikoelekea ghala la mahindi."

Nilipomaliza kuswali, Mwero akanionyesha ng'ombe. Dume mmoja, aliyechangiwa na nyumba zote, na hakuna wa pili. Dume huyo akanitazama kama aliyeisoma ile barua yangu. Nikikosea kisu, nyama yote ni kibudu, haramu kwa Mwislamu, na wajane watarudi kwenye kunde zao.

Asubuhi nilimfuata mama jikoni. "Mama, mimi sijapata kuchinja hata kuku."

Akaacha kupuliza moto. Nilingoja kufukuzwa. Badala yake alicheka mpaka akakaa chini.

"Na barua yako Mwero kanisomea mara mbili!"

Akafuta machozi, akatoka, akarudi na jogoo kwapani. Tukaenda nyuma ya nyumba. "Kisu hunolewa huku, mnyama asikione. Mlaze ubavu wa kushoto, umwelekeze kibla. Taja jina la Mungu, kisha usisite. Kusita ndiko kunakomtesa."

"Umejulia wapi haya, mama?"

"Miaka ishirini nimemshikia marehemu mchinjaji wao miguu ya mbuzi. Kuchinja ningechinja mwenyewe, mwanangu. Lakini wale mama zako hawatakula cha mkono wangu, na mimi nataka wale." Alisema hivyo bila kinyongo hata chembe.

Jogoo akaenda salama. Machozi yalinitoka kidogo, nikasingizia moshi.

Saa nne, wanaume sita wakamlaza yule dume. Mama akasimama mbele yangu, mikono kifuani, akaniitikia kwa kichwa. Nikasema bismillahi, Allahu akbar, kwa sauti ya mtu anayeomba msaada hasa, na sikusita.

Nyama ilipoiva, wajane walikuja kila mmoja na sahani yake. Aliyetangulia, Bi Mwanatumu, alinikagua toka kofia hadi makubadhi.

"Umelitaja jina?"

"Nimelitaja, mama."

"Kwa sauti?"

"Hata kanisani wamesikia," Mwero akadakia.

Bi Mwanatumu akaiweka sahani yake chini, akanawa, akaketi kwenye sinia kubwa bega kwa bega na mama yake Mwero. Wimbo wa taifa uliimbwa, hotuba zilitolewa, nami nilipiga makofi kama wenzangu. Lakini kifua kilinijaa pale kwenye sinia, nilipoona vidole vya watu wa kila dini vikimega sima moja, na hakuna aliyemuuliza mwenzake anaswali wapi. Nilijisemea: nchi hii ni yetu, na watu hawa ni wangu.

Nilirudi Munje kifua mbele. Siku tatu kila aliyepita barazani kwangu alisimuliwa, na kwa kila aliyesimuliwa, yule dume aliongezeka kimo. Jirani yangu Bi Mishi alikuwa akipara samaki kizingitini kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa, kisha akasema:

"Bakari, mama wa watu ameijua dini yako mpaka namna ya kunoa kisu. Wewe ya kwake umejua nini, ukiacha kushiba?"