Viatu Nilivyomnunulia Mke Wangu

Kabla hujanihukumu, jua kwamba ule mlima ulikuwa wangu kwanza. Fomu niliileta nyumbani mimi, kutoka ofisini, nimeikunja ndani ya gazeti isije ikanyeshewa. Nilikuwa karani wa faili katika kampuni ya bima katikati ya jiji, na miaka ile ya elfu mbili na kitu ofisi nyingi za Nairobi zilikuwa zimeshikwa na homa ya kuchangisha kwa jasho. Wengine waliendesha baiskeli hadi Naivasha, wengine walipanda Mlima Kenya, na kila mmoja alizunguka na kadi yake akiomba watu waahidi chochote walichonacho. Michango yetu ilikuwa ya watoto waliozaliwa na matundu kwenye moyo. Kampuni ililipia nafasi saba za Mlima Kenya, kila nafasi ya mfanyakazi au mwenzi wake wa ndoa. Hayo maneno ya mwisho niliyasoma nikayapita.

Nilijivunia miguu yangu. Mwingine ana shamba, mwingine ana digrii, mimi nilikuwa na miguu. Nikiwa kijana nilitembea kutoka Mutuini hadi mjini na kurudi kila siku, mwaka mzima na zaidi, nikitafuta kazi, na nilipoipata niliendelea kutembea kwa kupenda tu. Watu wa kwetu walilijua hilo. Habari za mlima zilipoenea, wanaume wa pale dukani walianza kuniita mzee wa mlima. Nilijifanya sitaki. Lakini kama kulikuwa na siku sihitaji chumvi wala kiberiti, nilipita dukani hata hivyo.

Mkutano wa kwanza ulifanyika Jumamosi pale ofisini. Kiongozi wa safari, mwanamume mkavu aliyekuwa amepanda mlima ule mara nyingi, alizungumza juu ya maji, juu ya kutembea polepole, kisha akakaa sana kwenye viatu. Viatu vipya ni marufuku, alisema. Kiatu kivaliwe angalau mwezi mzima kabla ya safari, kizoeane na mguu, la sivyo kitamchuna mtu visigino wakati wa kupanda na kumng'oa kucha wakati wa kushuka. Asiye na viatu aende stoo ya waongoza safari akaazime vya zamani. Niliyaandika hayo yote, nikarudi nyumbani nikamweleza mke wangu habari ya chakula tu, kwa sababu kufunga chakula ndiyo ilikuwa kazi yake.

Wiki iliyofuata tulitakiwa kupimwa na daktari. Mke wangu tulienda naye mjini kwa sababu alikuwa na haja ya dawa ya kuku. Yeye ndiye aliyefuga, na mayai yake aliyauza soko la Dagoretti. Muuguzi akanifunga kile kitambaa cha kupimia presha mkononi, akapima, kisha akapima tena.

"Mzee, unajisikia aje?"

"Niko fiti."

Akamwita daktari, daktari akapima mara ya tatu, akasema mwenye presha kama yangu hawezi kuruhusiwa kwenda hata nusu ya mlima. Nilibishana naye. Nilimwambia habari ya Mutuini hadi mjini kwa miguu. Alinisikiliza kwa adabu huku akiandika dawa ambazo ningemeza kila siku ya maisha yangu. Nilipotoka nje nilimkuta muuguzi amemfunga mke wangu kile kitambaa, kwa mzaha tu, kwa kuwa foleni ilikuwa imeisha na mama wa watu alikuwa ameketi pale bila kazi.

"Ai, mama, presha yako ni ya msichana!" muuguzi alisema.

Na mwenye kupanga safari, aliyekuwa amesimama hapo na orodha yake, akauliza kama huyo ni mke wangu wa ndoa.

Nafasi ilikuwa imeshalipiwa. Ikikosa mtu, ingepotea. Mke wangu alinigeukia mbele ya watu wote wale, akauliza, "Unaonaje, baba watoto?" Ungekuwa wewe ungesema nini? Nilisema aende, na nilisema kwa sauti ya mtu mkarimu. Yeye alipewa mlima, mimi nikapewa vidonge.

Sasa niseme waziwazi: nilimwonea wivu mke wangu. Mwanamume ana maneno mengi ya kuficha jambo kama hilo. Husema ana wasiwasi, husema nyumba itabaki na nani. Yote hayo niliyasema. Fulana ya safari ilikuwa imeshachapishwa kwa kipimo changu, ikamfika karibu na magoti, na aliivaa hivyo hivyo hadi sokoni kuuzia mayai. Watu wakamzunguka. Kwenye kadi ya ahadi jina langu lilikatwa kwa kalamu, likaandikwa lake juu, na watu walionipa mimi neno moja la pole wakakaa naye nusu saa. Nilipopita dukani wakaniuliza, "Mama wa mlima anaendeleaje?" Siku hiyo nilikuwa nahitaji chumvi kweli, lakini niliondoka bila kuinunua.

Alikuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri kwenda mazoezini. Nilibaki kitandani nikisikiliza lango likifungwa, nikihesabu makosa yake: anatembea akirusha mikono, hanywi maji, anavaa raba za shilingi mia mbili. Daktari alikuwa ameniruhusu kutembea bila kujichosha, kwa hiyo Jumamosi moja niliamua kwenda naye milima ya Ngong nikamfundishe. Kilima cha kwanza tulikwenda pamoja. Cha pili aliniacha kidogo. Kufikia cha tatu nilimwona juu kabisa, ameketi kwenye nyasi huku upepo ukimpeperusha leso, anamenya ndizi. Hakuwa amechoka. Alikuwa ananisubiri mimi. Nilipofika alinipa nusu ya ndizi ile na kunipangusa jasho kama mtoto wa shule ya nasari. Angenicheka ningemsamehe.

Siku chache kabla ya safari aliniambia anataka kupitia kule stoo kuazima viatu. Alikuwa ameambiwa tu kwamba viko, hakuambiwa kwa nini vile vya zamani ndivyo vinavyofaa. Aliyeambiwa ni mimi. Nilisikia mdomo wangu ukisema, "Mke wangu avae viatu vya kuazima? Watu watasema nini?"

Kesho yake saa ya chakula cha mchana nilienda mtaa wa Biashara. Nilichagua viatu vya ngozi ngumu, vya kahawia, vyenye harufu ya dukani. Muuzaji aliniuliza ni vya safari ya lini, nikamwambia ni vya Jumatatu, naye akasita kidogo akasema labda nichukue aina nyingine iliyo laini. Nikasema hivi hivi. Sikutaka aumie, naomba unielewe. Nilitaka arudi. Nilimwona kichwani mwangu akishuka siku ya pili ameegemea fimbo, watu wakimwambia umejaribu mama, nami nikimpokea pale mjini kwa huruma. Nilitaka sana kumhurumia.

Jumapili nikampa kanisani. Sikupanga iwe hivyo, lakini mchungaji aliwaita mbele wanaokwenda safari waombewe, naye alikuwa peke yake, na boksi nilikuwa nalo chini ya benchi. Nilienda mbele nikaufungua mfuniko. Akina mama walipiga vigelegele. Mzee mmoja wa kanisa alisema wanaume wa siku hizi waige mfano wangu. Mke wangu alilia, jambo ambalo halifanyi ovyo, akavishika viatu vile kifuani wakati wote wa maombi. Nilifumba macho kama wengine. Ningeweza kumwambia pale pale, au njiani tukienda nyumbani, au Jumatatu asubuhi alipokuwa akifunga kamba zake ndefu akiniuliza kama amefunga sawa. Nilimwambia amefunga sawa.

Walikuwa wakae mlimani siku nne. Siku mbili za kwanza hakukuwa na habari. Nilimeza vidonge vyangu, nikalisha kuku, nikaenda kazini. Alfajiri ya siku ya tatu walikuwa wawe kileleni, na asubuhi hiyo ofisi nzima ilikuwa imekusanyika kwa meza ya karani wa mapokezi, kwa sababu kiongozi alikuwa ameahidi kutuma meseji akipata netiweki. Simu ikalia. Karani akasoma kwa sauti: mmoja ameshindwa, amerudi kambini, wengine wanaendelea.

Nilifurahi. Sitakudanganya. Furaha ilinipanda kutoka tumboni hadi nikalazimika kuangalia chini ili watu wasiione. Kisha nyuma yake, kwa kuchelewa kama mgeni asiyealikwa, ikaja hofu: ameanguka wapi, yuko na nani, mguu wake ukoje. Lakini furaha ndiyo iliyotangulia, na hilo ndilo ninalolikumbuka.

Baada ya saa nzima ikaja meseji nyingine yenye majina. Aliyerudi alikuwa kijana wa idara ya mauzo, mcheza mpira. Jina la mke wangu lilikuwa la pili kati ya waliofika. Watu walinikumbatia, wakanipiga mgongoni, meneja akanishika mkono kwa mara ya kwanza tangu anijue. Nilienda msalani nikajifungia, nikakaa pale nikiwa na hasira hadi mtu akagonga.

Walirudi Ijumaa kwa basi. Wote walishuka wakiimba isipokuwa yeye. Yeye alishuka mwisho, akishikilia mlango, amevaa ndara za patipati, na vile viatu vya kahawia vimefungwa kamba na kuning'inizwa kwenye mkoba. Aliwasalimia watu akicheka. Mimi alinisalimia pia, akanipa mkoba nimbebee.

Kesho yake mchana nilimwekea kiti uani, penye jua, nikamletea chai, halafu nikaleta beseni la maji ya vuguvugu yenye chumvi. Alipoondoa bandeji nilitamani kuangalia pengine. Visigino vilikuwa vimechunika pande zote mbili, na kucha nne zilikuwa nyeusi.

"Hizi kucha zitatoka," nilisema.

"Zitatoka, zimee zingine."

Nikamwagia maji kwa kikombe, polepole. Kuku walikuwa wakichakura karibu na miguu yetu. Alikunywa chai yake hadi nusu kabla ya kusema tena.

"Kiongozi alinikasirikia sana siku ya pili, nilipovua soksi. Akauliza nani aliniacha nikuje na viatu mpya. Akasema hiyo ndio kitu ya kwanza aliwafundisha, siku ile ya kwanza pale ofisini."

Niliendelea kumwagia maji.

"Siku ya kwanza mimi sikuwa," akasema. "Ilikuwa ni wewe."

Niliwaza kusema nilisahau. Nilikuwa na sababu tatu tayari mdomoni, nzuri kabisa. Lakini miguu ile ilikuwa mikononi mwangu.

"Nilikuwa najua," nikasema.

"Ulitaka niumie?"

"Nilitaka urudi."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeulizia bei na kuambiwa ile ile aliyodhani. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

"Nilimwambia nilijinunulia mwenyewe," akasema. "Nikamwambia mimi ni mjinga, napenda vitu mpya. Ningemwambia aje ni bwanangu?"

"Pole."

"Ngoja nimalize. Kwa yale mawe ya mwisho, yule kijana aliposema anarudi, mimi pia nilikuwa nishasema narudi. Nilikuwa nimegeuka kabisa, nimeshika mkono wa yule wa kuturudisha. Halafu nikaona vile utafurahi. Nikaona vile utaniletea chai na kuniambia pole, na hii maji ya chumvi. Nikageuka tena nikapanda. Sikuwa naskia miguu, baba watoto. Nilikuwa naskia tu vile nimekukasirikia."

Alitoa mguu mmoja kwenye beseni, kisha wa pili. Nilinyoosha taulo nimpanguse, lakini alilichukua mkononi mwangu akajipangusa mwenyewe, akaanza kujifunga bandeji. Nilikaa nimechuchumaa nikimtazama. Kwa karibu miezi mitatu nilikuwa nimejiuliza ana nini miguuni mwake ambacho mimi sina. Alipomaliza alisimama, akasema nimwage yale maji, akaingia ndani akitembea kwa pembeni mwa nyayo bila kushika ukuta.

Niliyamwaga kwenye sukuma wiki. Nakumbuka nilibaki pale uani na beseni tupu, nikimwonea wivu hata hasira yake. Yake ilimfikisha kileleni kwa miguu inayotoka damu. Yangu ilikuwa imenifikisha mtaa wa Biashara.