Lori Linalosimama Darajani

Kazi yangu katika kampuni yetu ndogo ya malori, hapa Ifakara, ni kugombana na kompyuta. Kwenye mkataba wameandika msaidizi wa ofisi, lakini tangu mamlaka ya usafirishaji ianze kufuatilia magari kwa kifaa kinachofungwa chini ya dashibodi, asubuhi zangu zinaishia huko. Kifaa kinatuma taarifa, kompyuta yao inaandika kosa, kosa linaingia kwenye rekodi ya usalama ya kampuni, na mimi naandika rufaa. Rufaa naziweza. Nina hasira za karibu, na hasira zikipata kalamu hufanya kazi nzuri.

Mara nyingi kosa huwa lao. Waliwahi kuandika kwamba lori letu limekimbia kupita kiasi kule Malinyi, wakati siku hiyo lilikuwa juu ya mawe nyuma ya ofisi, halina magurudumu, fundi amelala chini yake. Niliwapelekea picha, miguu ya fundi ikiwa imechomoza. Wakalifuta. Hawakuomba radhi.

Kwa hiyo lilipokuja lile la darajani sikushtuka. Rekodi ilisema lori la mzee wetu, dereva wa siku nyingi kuliko wote, husimama katikati ya daraja la Kivukoni, mahali ambapo kusimama ni marufuku. Ilikuwa ni wakati wa kurudi na mpunga, jioni, jua likiwa limeinama. Linasimama, linakaa, linaondoka. Wiki nyingine tena.

"Mwanangu, mimi nisimame darajani nifanye nini?" mzee aliniuliza. "Nakuja moja kwa moja, naimba zangu, nafika."

Nilimwamini. Ni mwanakwaya, mtu wa Mahenge, hanywi, na sijawahi kumsikia akidanganya hata kuhusu tairi. Mamlaka ilisema makosa yale yasipofutwa dereva ataondolewa barabarani, na mzee alikuwa na nyumba aliyoifikisha kwenye lenta. Angeimalizia na nini?

Kilichoniudhi zaidi ni maneno ya watu. Wauza samaki wa Kivukoni walisema wameliona lile lori, na kwamba linasimama pale kupakia. Kupakia nini? Mama mmoja ninayemnunulia kambale alishusha sauti.

"Wale wa mtoni, dada. Waliozama enzi za kivuko. Dereva anakodoa macho tu, hageuki hata ukimwita."

Nilimcheka. Nikamwambia apunguze kwanza bei ya kambale ndipo aje kunihesabia wafu. Lakini nilipofika ofisini nikakumbuka kwamba mautingo wa lile lori walikuwa wameomba kuhamishwa, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyetaka kusema sababu. Wa mwisho alisema tu, "Lile gari silipendi, dada," akaenda zake kulima Idete. Tangu hapo mzee alikuwa anasafiri peke yake.

Nilipiga simu mamlaka, nikafoka. Kijana wa huko alinijibu kwa upole wa kuudhi: mtu wa ofisi apande gari, asafiri nalo, aandike alichokiona na kutia sahihi. Wakiridhika watafuta yote. Nikaona tumeshashinda.

Tulitoka Malinyi mchana, tumejaza mpunga mpaka turubai linalalamika. Mzee aliendesha vizuri, hana papara, kila shimo analijua. Baada ya Lupiro akaanza kuimba wimbo wa kwaya yao, wenye beti zisizoisha, nami nikawa naitikia kwa sauti yangu mbovu. Nyuma yetu lilikuwa linakuja lori la mkaa. Tulipoingia darajani jua lilikuwa upande wangu, linapita kwenye nguzo za ukingo na kumpiga mzee usoni, linawaka na kuzima, linawaka na kuzima.

Wimbo ukakatika katikati ya neno.

Nilidhani amepaliwa. Nikamtazama. Macho yalikuwa wazi, yameelekea mbele, lakini hayakuwa yanaona kitu. Midomo ilikuwa inatafuna polepole, na hakuwa na kitu mdomoni. Mguu ulikanyaga breki kwa mazoea tu, na lori likasimama taratibu katikati ya daraja. Nikamwita. Nikamshika mkono. Ulikuwa wa moto, mkono wa mtu hai kabisa, na mwenyewe hayupo. Lori la mkaa likapiga honi, likatupita, dereva wake akatuchungulia kisha akageuza uso haraka. Hapo ndipo nilipoogopa. Mimi na shule yangu yote, nilitazama mlango wa upande wangu nikiwaza ni nani anataka kupanda.

Kisha akaimba. Alianzia pale pale alipoachia, kwenye nusu iliyobaki ya lile neno, kwa sauti ile ile, akaingiza gia na kuondoa gari kama mtu aliyempisha mbuzi. Alipofika kwenye kiitikio akanigeukia, anashangaa kwa nini siitikii.

"Umeona mwenyewe," akasema tulipomaliza daraja. "Moja kwa moja. Kaandike."

Ningeweza kuandika. Ilikuwa inangojwa sahihi yangu tu, naye angebaki na lori lake. Nilikichukia kile kifaa kuliko siku zote, kwa sababu safari hii kilikuwa kimesema kweli.

"Mzee, egesha pembeni."

Akaegesha. "Unaumwa?"

"Tulisimama pale darajani."

Akacheka. "Hata wewe?"

"Lile lori la mkaa lililokuwa nyuma yetu liko wapi?"

Alitazama kioo cha pembeni. Akakitazama tena. Halafu akatazama mbele, ambako magunia ya mkaa yalikuwa yanapotelea kwenye kona. Akazima injini.

"Mdogo wangu alikuwa na kifafa," akasema baadaye. "Kabla hajaanza kuanguka alikuwa anafanya hivyo. Anashika kijiko, anaganda, halafu anaendelea kula. Sisi watoto tulikuwa tunamcheka."

Nikamwambia hospitali ipo, dawa zipo, watu wanatulia na kuishi. Nilikuwa nasema haraka haraka ili nisilie. Hakuwa ananisikiliza.

"Hicho kifaa kinaandika kila mahali ninaposimama?"

"Kinaandika kosa pale pasiporuhusiwa tu. Kwingine hakijali."

"Kwa hiyo kwingine hakuna anayejua."

"Hakuna, mzee."

Aliondoa mikono kwenye usukani, akaiweka mapajani.

"Jumapili nilimpakia mjukuu wangu kwenye pikipiki," akasema. "Kwenda kanisani na kurudi."