Kanda Bado

Kompyuta yetu ilikuwa na midomo miwili. Mmoja ulikuwa taipu iliyokaa mbele ya opereta na kujipiga yenyewe, mstari kwa mstari. Wa pili ulikuwa printa kubwa kule pembeni, iliyotapika karatasi hadi sakafuni. Aliyeandika programu ndiye aliyeamua neno lipi lipitie wapi. La kumwambia opereta sasa hivi lilifaa lipite kwenye taipu, na la kuwekwa tu, mtu aje alisome akilihitaji, lipite kwenye printa. Kusema ni rahisi. Miaka ile ya sabini, katika ofisi yetu ya ghorofani katikati ya Nairobi, jambo hilo nusura liniondoe kwenye kiti changu.

Kiti chenyewe nilikipata kwa shida. Nilitoka kwetu Dagoretti nikaanzia chumba cha chini, pamoja na wasichana wa kutoboa kadi ambazo mashine ilizisoma, na nikawa mwanamke wa kwanza pale kupandishwa juu kuwa opereta. Nilipandishwa kwa majaribio. Bwana mkubwa, Mwingereza aliyekaa Spring Valley, aliniambia wazi kwamba nikiharibu nitarudi chini. Maopereta wanaume walikuwa wakiisubiri siku hiyo kwa hamu, na hawakuficha. Nami si mtu wa kunyamaza. Aliyenichokoza nilimpa zake.

Programu ziliandikwa na kijana mmoja mpole kutoka Kakamega, aliyekuwa amefundisha shule kabla ya kuja mjini. Siku moja akauliza kwa nini mashine ituzungumzie Kiingereza peke yake, kwani sisi hatuna lugha? Akaandika programu ya ankara za maji, na maneno yake yote ya taipu yakawa ya Kiswahili. Taipu ilipopiga KAZI IMEANZA, haki ya Mungu, nilipiga kigelegele mle ndani mpaka bwana mkubwa akachungulia mlangoni.

Basi kijana akanogewa. Kila hatua ikatangazwa kwenye taipu. KADI ZINASOMWA. KADI ZIMEISHA. HESABU IMEANZA. HESABU BADO. HESABU BADO. Hiyo ya mwisho maana yake ilikuwa hesabu inaendelea, opereta atulie. Yote yalitoka kwa herufi zilezile, kwa sauti ileile, kubwa na dogo bila tofauti, na baada ya muda macho yangu yakawa yanapita juu yake tu.

“Ndugu yangu,” nikamwambia, “hii mashine yako inaropoka. Sasa mimi nisome gani, niwache gani?”

“Heri iseme, dada. Ikinyamaza utajuaje kama iko hai?”

“Na mtu akiniita kutwa nzima bila sababu, siku nyumba inaungua nitaitika?”

Akacheka. Alikuwa anapenda nikimgombeza, lakini hakubadilisha kitu.

Ikafika alasiri ya ankara za mwisho wa mwezi. Kazi ilianza vizuri, kadi zikasomwa, kanda ya kwanza ya kumbukumbu ikazunguka, halafu ikasimama. Taipu ikapiga KANDA BADO. Nikajua kanda haijamaliza, nikae nisubiri, kama nilivyozoea kusubiri hesabu. Mashine ile ilikuwa na kawaida ya kufikiri muda mrefu huku kanda zimetulia. Kumbe alichotaka kusema kijana ni kwamba kanda ya pili haijawekwa, niiweke! Mimi nikawa naingoja mashine, na mashine ikawa inaningoja mimi. Nilitulia hapo kama mjinga mpaka zamu ya wateja wengine waliokodi mashine ikafika, wakaichukua, na gari lililokuja kuchukua ankara likaondoka tupu.

Asubuhi yake tuliitwa, mimi na yule kijana. Bwana mkubwa alikuwa ametandaza karatasi ya taipu juu ya meza yake. Mistari ilikuwa tele, lakini hakuna hata mmoja uliosema ni saa ngapi, wala uliotofautisha habari na onyo. Karatasi ndefu vile, na haikuweza kunitetea kwa lolote. Akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho, akauliza maana yake.

“Kanda haijawekwa,” kijana akasema.

“Kanda inaendelea,” nikasema mimi, na tulisema kwa pamoja.

Tukatazamana. Bwana mkubwa akaagiza waitwe wasichana watatu kutoka chini. Wa kwanza akasema kama kijana. Wa pili akasema kama mimi. Wa tatu, aliyezaliwa Mombasa, akaisoma mara mbili, akakunja uso.

“Bado nini? Mbona maneno hamkuyamaliza?”

Tungekuwa mahali pengine ningecheka. Bwana mkubwa hakucheka. Alisema lugha ambayo wenyewe hawakubaliani maana yake haina kazi kwenye mashine yake. Ama lugha hiyo iondoke, ama kijana akiri kwamba lugha ni nzuri na opereta ndiye aliyelala, na opereta arudi chini Jumatatu. Akamgeukia yule kijana, si mimi, amwambie ni lipi.

Hasira zikanipanda. “Lugha ina kosa gani?” nikasema. “Aandike KANDA YA PILI HAIJAWEKWA, IWEKE, hata mama yangu ataelewa! Na hizo porojo zingine azipeleke kwenye printa!”

Nilisema kweli, na mpaka leo nasema hivyo. Lakini bwana mkubwa alikuwa bado anamtazama yeye.

“Nitaandika upya,” kijana akasema polepole. “Kwa Kiingereza.”

Nilimfuata mpaka mezani kwake nikitaka kumtukana. Alikuwa ameshafungua mikebe ya kadi za programu yake na anachomoa zile zenye maneno yetu ya Kiswahili, moja moja, anaziweka kando kwa uangalifu kama mtu anayechambua mchele.

“Wewe ni mwoga,” nikamwambia. “Ulikuwa na jibu. Nilikupa jibu mbele yake!”

“Ulinipa. Na ningelitumia, angesema basi opereta ndiye aliyelala, na wewe ungekuwa wapi Jumatatu?”

Akachomoa kadi nyingine, akaiweka kando.

“Kadi nitatoboa zingine siku yoyote, dada,” akasema, bila kuinua macho. “Wewe wakikushusha, hawatapandisha mwanamke mwingine.”

Nikavuta kiti nikaketi kando yake. Machozi yalikuwa yananitoka na nilikasirika kwamba yanatoka. Nikachukua mkebe uliobaki, nikaanza kumsaidia kuzichomoa.