Kaburi Nililolisingizia

Nianze kwa kukiri: mimi niliwahi kudanganya watu, tena mchana, kwa sauti kubwa, nikiwa nimevaa shati lililopigwa pasi. Kwa hiyo una haki ya kutoniamini. Lakini haya ninayokusimulia sikuyatunga. Ningekuwa natunga, ningejipa sehemu nzuri zaidi.

Mimi ni kijana wa Kasongo. Kazi yangu ni kuzungusha wageni katika mji wetu na kuwaeleza mambo ya zamani. Hakuna aliyenifundisha. Nilisoma nakala za vitabu alizoniachia mwalimu mmoja mstaafu, nikawauliza wazee baada ya sala, nikaandika yote kwenye daftari kwa kalamu tatu: bluu kwa yenye uhakika, nyeusi kwa yanayosemwa na wengi, nyekundu kwa ya kuuliza tena. Hiyo nyekundu ilininyima usingizi. Unawajua watu ambao wakikosea neno moja wanaona wameharibu siku nzima? Basi ndiye mimi. Kila jioni nilifanya mazoezi barabarani peke yangu, nikinyoosha mkono kwenye nyumba hii na ile, nikiongea na hewa. Watu wa soko walizoea. Waliniita Gide, neno la Kifaransa la mwongoza wageni, kwa kunitania, jina likashika.

Sasa kosa langu. Njia yangu inaishia nje kidogo ya mji, kwenye makaburi ya enzi za wafanyabiashara waliokuja kutoka pwani. Pembeni kabisa, mbali na mengine, kuna kaburi dogo lisilo na maandishi, limezungushiwa mawe machache tu. Mwaka jana niliongoza darasa la shule moja, na mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Na hili ni la nani?"

Sikujua. Hata kwa nyekundu halikuwemo daftarini. Darasa zima lilikuwa linanitazama, mwalimu wao pia, kalamu mkononi. Neno "sijui" niliona aibu kulitamka. Nikasikia mdomo wangu unasema kwamba hapo amelala mfanyabiashara katili, aliyefunga watu minyororo na kuwauza, na kwamba wenzake walimtenga hata kaburini kwa ukatili wake. Ilitoka vizuri sana. Mwalimu aliandika. Mwanafunzi mmoja akaokota jiwe, akalitupa juu ya kaburi. Wengine wakafuata.

Je, niliwazuia? Nisikufiche. Niliona kwamba hapo ndipo pa kumalizia safari. Tangu siku hiyo kila mgeni alitupa jiwe lake, na mimi nikawa nayaweka mawe tayari kando ya njia, madogo, ya kulingana, niliyoyafuta udongo ili wageni wasichafuke mikono. Fikiria hilo. Niliyafuta udongo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Kesho yake nilikuwa nangoja watu watatu kutoka Kindu, makao makuu ya mkoa wetu, waliokuwa wanatafuta mtu mmoja wa Kasongo wa kuwaongozea wageni wao kila wanapokuja. Niliitaka sana kazi hiyo. Asubuhi nikatoka kufanya mazoezi ya mwisho, na karibu na soko nikamkuta mama mmoja mzee, mwembamba, amejifunga kikwembe kilichopauka hadi huwezi kusema kilikuwa cha rangi gani.

"Ni weye unaonyeshaka watu muji?" akaniuliza.

"Ni mimi, mama. Karibu."

"Basi nionyeshe mimi. Mimi peke yangu. Nataka kusikia yote, mpaka mwisho."

Nilifurahi. Mtu wa kunisikiliza siku moja kabla ya wakubwa! Nikamuuliza ametoka wapi. Akasema yeye si wa mbali, ila hajatembea mjini kitambo. Nikaona pia kwamba anachechemea mguu wa kushoto, na kila baada ya hatua chache anajishika bega.

"Mama, bega lina nini?"

"Nilipigwa mawe."

"Na nani?"

"Watoto. Na wageni."

"Watoto wa siku hizi hawana adabu," nikamwambia, nami niliona nimesema neno la huruma. Alinitazama kidogo, akakaza kikwembe chake.

Tukaanza. Nilimpa maelezo ya bluu, kisha ya nyeusi, yeye akisikiliza kichwa upande. Kwenye uwanja ulio wazi nyuma ya msikiti, mahali ambapo hakuna hata tofali, alisimama, akainama kama mtu anayepita chini ya mlango mfupi, akainua mguu kuvuka kizingiti. Mimi nikapita hapo hapo nikiwa wima. Akanitazama kwa kicheko.

"Unapitaka katika ukuta wa watu hivyo hivyo?"

Nilidhani anatania. Mbele kidogo, kwenye kibanda cha fundi wa pikipiki, akauliza kisima tumekificha wapi. Nikamwambia hapo hapajawahi kuwa na kisima. Akapiga mguu chini, mahali ambapo kila mvua ikinyesha fundi hulalamika kwamba udongo unazama. "Kiko hapa," akasema. Nikaandika kwa kalamu nyekundu, si kwa woga, kwa aibu. Mtu wa nne ananisahihisha mwaka huu, nikajiambia. Kumbe hofu yangu yote ilikuwa hiyo tu!

Tulipopita kwa mama anayeuza mikate, muuzaji huyo akaita kwa nguvu:

"Ee Gide! Leo unaonyesha nani muji? Upepo?"

Wanawake waliokaa naye wakacheka. Mmoja akaongeza, "Mwache, iko anajifundisha. Kesho wakubwa wanafika. Gide, upepo umekuelewa?"

"Umeelewa kuliko nyinyi!" nikawajibu, nikicheka nao. Niamini, sikushtuka. Walinitania hivyo kila siku. Niliona hawakumheshimu tu yule mzee, nikamwomba radhi kwa ajili yao. "Hawakukosea," akasema. "Macho yao ni mazima."

Jua lilikuwa juu kabisa tulipofika makaburini. Kwetu mtu haingii makaburini kimya kama anaingia shambani. Unasimama, unawasalimu wenyeji, halafu ndiyo unapita. Sisi Waislamu wa mji tunafundishwa hivyo tungali wadogo, na mimi, hata na uongo wangu wote, sikuwahi kuiacha salamu hiyo. Mama alikuwa nyuma yangu, nilisikia mguu wake ukiburutika kwenye majani. Nikasimama, nikasema:

"Asalaam aleikum, enyi watu wa makaburini."

"Aleikum salaam, mwanangu," sauti ikajibu. "Karibu kwangu."

Haikutoka nyuma. Ilitoka mbele. Mama alikuwa amekaa chini kule pembeni, kando ya kaburi lile dogo, amenyoosha mguu wa kushoto, na mawe ya wageni wangu yalikuwa yamemzunguka hadi kiunoni. Nyuma yangu hapakuwa na mtu.

Je, ungekimbia? Mimi nilitaka. Badala yake nilisimama pale na daftari langu kifuani, na nakumbuka wazo la kijinga lililonijia: kwamba bado sijamaliza maelezo.

"Haya," akasema. "Nilikuambia nataka kusikia mpaka mwisho. Nani amelala hapa?"

Nikafungua mdomo. Maneno niliyoyasema mara nyingi kwa ufasaha yalikuja yote kwa mpangilio: mfanyabiashara, katili, minyororo. Yakafika kwenye meno yakakaa. Akavuta kikwembe kidogo, akanionyesha kifundo cha mguu. Kulikuwa na kovu limezunguka kama bangili, ngozi yake inang'aa.

"Mimi sikuuza mutu," akasema. "Niliuzwa. Niliingia muji huu kwa mguu huu, na sikutoka tena. Nilipika chakula cha wachukuzi mpaka nikazeeka. Nilipokufa hawakujua waniweke na nani, wakaniweka kando. Hapo pembeni nilipumzika. Nilipumzika vizuri, mwanangu, mpaka ulipoleta watoto."

Nililia. Sisemi machozi yalinitoka, nasema nililia kama mtoto, kwa sauti. Nikamwomba anisamehe. Nikamwomba, na hapa utaona jinsi ugonjwa wangu ulivyo, anitajie jina lake, niliandike kwa bluu, nimtengenezee kibao, niwaeleze watu habari zake zote sawasawa.

Akatikisa kichwa. "Jina walilonipa hapa silitaki. Lile la mama yangu ni la watu wangu, na hao hauwajui. Nimekuuliza jambo moja tu. Nani amelala hapa?"

Alingoja. Nadhani angeweza kungoja mwaka mzima.

"Sijui," nikasema.

"Sema tena."

"Sijui, mama. Sikujua tangu mwanzo."

Akapumua pumzi ndefu, kama mwanamke anayetua mzigo wa kuni. "Lilikuwa zito hivyo? Haya, toa mawe."

Nikapiga magoti nikaanza kutoa mawe. Niliyajua, karibu yote niliyachagua mwenyewe. Niliyabeba kwa mikono miwili hadi bondeni, nikarudi, nikayabeba tena, na kila niliporudi nilimsikia akijisogeza na kuguna, mara bega, mara kiuno. Sikuthubutu kumtazama usoni. Safari ya mwisho nilirudi nikakuta mawe ya zamani tu, yale yaliyozungushwa tangu mwanzo, na katikati majani yaliyolala, kama pale ambapo mtu ameinuka sasa hivi. Nikaita "Mama!" Woga wote ulikuwa umenitoka, sijui ulikwenda wapi. Nikakaa chini nikapata usingizi, mimi nisiyelala hata kitandani.

Wakati wa kurudi nilimuuliza mama wa mikate kama aliniona nikipita na nani. Akaacha kucheka. "Gide, ulikuwa peke yako. Ulikuwa unatembea polepole na kungojangoja, kama mwenye kusindikiza mgonjwa."

Kesho yake watu wa Kindu walifika. Niliwaongoza vizuri, labda kuliko siku zote. Tulipofika pembeni, mmoja wao, mwanaume mwenye kofia na kamera, akauliza swali lile lile. Nikamwambia, "Sijui ni nani amelala hapa. Nimekuwa nikiwaambia watu kwamba ni mfanyabiashara wa watumwa. Nilitunga." Mwenzake akacheka, akasema, "Gide wa kutuambia hajui!" Mwenye kofia hakucheka. Akaivua, akafunga kamera yake. Kazi hawajanipa mpaka leo, wala hawajaninyima. Zamani ningeugua kwa kungoja simu yao.

Kilichokuwa kigumu zaidi ni shule. Nilikwenda mwenyewe, nikamwomba mwalimu nafasi ya kusema na darasa lile. Alinuna, maana habari yangu alikuwa ameshaifundisha. Nikasimama mbele ya watoto, nikawaeleza kwamba niliwadanganya, kwamba aliyelala pale hakumfunga mtu yeyote, yeye ndiye aliyefungwa. Hawakuniuliza nimejuaje. Mmoja tu aliinua mkono, yule wa kwanza kuokota jiwe.

"Kwa hiyo tulimupiga bure?"

"Ndiyo," nikamjibu. "Na mimi ndiye niliyewapa mawe."

Jumamosi ile watoto walikuja makaburini na mafagio bila kuitwa. Siku hizi kalamu nyekundu imejaza nusu ya daftari na bado nalala. Wageni wakiniuliza nisilolijua, nawaambia silijui, na mbingu haianguki. Kitu kimoja tu kimebaki: bega langu la kushoto huuma kila Jumanne, saa sita za mchana, kama lililogongwa na kitu kidogo. Nimekwenda hospitali, hawakuona kitu. Sijalalamika. Nimehesabu mawe niliyoyabeba, na naona mimi nimelipa kidogo sana.

Basi nisikilize, hasa wewe uliyewahi kuzunguka Kasongo pamoja nami kabla ya siku hiyo. Jiwe ulilotupa lilitoka mkononi mwangu, kosa ni langu, nami nimeshaliombea radhi. Lakini mkono uliorusha ni wako. Ukipita tena huku, nenda kule pembeni, nenda mchana, useme neno lako mwenyewe. Na popote uendako, mtu mwenye ulimi mzuri akikuonyesha kaburi na kukuambia aliyemo alikuwa mwovu, usiokote kitu. Muulize kwanza yeye amejuaje, na umtazame usoni anapokujibu.