Fundi Cherehani Aingia Hewani

Kabla ya kushika kipaza sauti, fundi cherehani alikiweka sawa kitambaa cha kichwa na kukohoa kidogo, kana kwamba wa upande wa pili wanamwona. Waya wa antena aliukaza mwenyewe juu ya paa, akiupima kwa vidole viwili kama anavyopima uzi. Tangu afaulu mtihani wa redio ya mawasiliano alikuwa akisikiliza wenzake tu. Jana jioni akaapa kuita mpaka mtu ajibu. Akabana kitufe cha kusemea, akataja jina lake la hewani herufi kwa herufi, akangoja. Kimya. Akaita tena, jasho likimtoka puani.

"Wifi, hata upepo umekususa!" dada wa mumewe akamcheka mlangoni, kisha akakiona kidole cha fundi. "Utajibiwaje, nawe umekigandamiza kitufe kama pasi kwenye kola? Waachie na wenzio waseme!"

Akakiachia. Papo hapo ikaingia sauti ya mwanamume, ya mbali lakini safi: "Nakupata vizuri, kituo kipya. Wewe na wifi yako. Karibuni hewani!"

Wifi akaziba mdomo. Fundi akanyoosha mgongo, akabana kitufe.

"Asante, mwenzangu. Ila huyo hana leseni. Mwenye leseni ni mimi."